Mtani Alipochungulia Kihenge cha Mama

Mama yangu alikuwa na mdomo. Nasema hivyo kwa mapenzi, tena mdomo wenyewe nimeurithi, waulize wanangu. Lakini mdomo wa mama haukuwa wa umbeya wala wa matusi ya ovyo. Ulikuwa mdomo wa mtu anayejua anachosema na hataki kukirudia. Akishasema jambo hadharani ndiyo basi, hata kama baadaye litamtokea puani. Na lilimtokea puani kweli, mwaka ule tulipohamishiwa Kisanga.

Sisi ni watu wa mlimani. Tumezaliwa kwenye baridi, kule ambako ukungu hauna haraka ya kuondoka, nyumba moja hapa, nyingine ng'ambo ya bonde, na kanisa dogo la bati katikati. Ikaja operesheni ya vijiji vya ujamaa, tukaambiwa tushuke tambarare tukae pamoja, tupate shule, zahanati na bomba la maji. Wengine walishuka kwa hiari, wengine kwa kusukumwa. Mama alishuka na kuku wake, vyungu vyake, mahindi yake yote na hasira zake zote. Baba alikwisha fariki siku nyingi. Mimi nilikuwa nimeolewa, nina mtoto mgongoni, na kwa kuwa kwetu binti hakai mbali na mama yake, nyumba yangu ikajengwa jirani na yake, kiasi kwamba akikohoa nasikia.

Siku ya mkutano wa kwanza mwenyekiti wa kijiji alisimama kutupoza mioyo. Alikuwa mtu mwema, mnene, mpenda hotuba. Akasema tusiogope, mashamba bado mapya, atakayepungukiwa atapewa unga wa msaada, ule wa njano, utagawiwa pale ofisini. Watu wakapiga makofi. Mama akanyanyuka, wala hakuomba nafasi.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi tangu nimekuwa mtu mzima sijala chakula ambacho sikukilima. Siku mtakaponiona nimepanga foleni na bakuli, mjue nimeshakufa. Huyo mtakayemwona ni mzimu wangu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilimjua mama yangu, na nikajua kwamba ameshajifunga kamba mwenyewe.

Sasa nieleze habari ya kihenge, maana bila kihenge hutaelewa kitu. Kwetu mahindi huwekwa kwenye kihenge, ghala la mviringo lililosukwa kwa fito, limenyanyuliwa juu ya miguu, na paa lake la nyasi unaliinua kama kofia. Kihenge ni cha mwanamke. Mume anaweza kukijenga, lakini akishakimaliza hachungulii tena ndani. Baba alikaa na mama miaka yote ile, akafa hajui mahindi yamebaki kiasi gani. Anayejua ni mwenye kihenge, na yeye ndiye anayejua apike kiasi gani leo na abakize kiasi gani kesho. Mtu mwingine akiinua paa lile ni sawa na kumfunulia mwanamke khanga yake njiani. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini jaribu uone.

Mlimani kihenge chetu kilikuwa hakina shida. Unarundika mahindi na maganda yake, upepo wa baridi unapita kwenye fito, unakula mpaka msimu mwingine. Tulipofika tambarare tukajenga vilevile. Wote, kijiji kizima! Tulihama na kila kitu isipokuwa baridi, na hakuna aliyefikiria kwamba baridi ndiyo iliyokuwa inatulindia chakula. Kwenye joto lile la Kisanga fukusi walizaana kama walioitwa harusini. Kabla kiangazi hakijafika katikati, ukishika hindi linakuwa jepesi, ukilipukuchua unapata punje zenye matundu na vumbi jeupe linalokuingia puani.

Kila nyumba iliumia, ila si sawasawa. Mume wangu alikuwa na kibarua kwenye shamba la mkonge, kwa hiyo unga wa kununua tulipata. Mama hakuwa na mume wala kibarua. Alikuwa na kihenge chake tu, na kilikuwa kinaliwa na wadudu usiku na mchana.

Nilijuaje, wakati sikuchungulia? Nilijua kwa kinu. Mtu akitwanga mahindi, mchi unatua kwa sauti nzito, ya kushiba. Asubuhi moja nikasikia mchi wa mama unatoa sauti kavu, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Alikuwa anatwanga pumba. Siku iliyofuata hivyohivyo. Baadaye nikagundua siku nyingine hata pumba hakuna, anapiga kinu kitupu ili majirani wasikie kwamba kwa mama fulani kunatwangwa. Halafu anawasha moto, moshi unapanda, anachemsha majani ya maboga.

Jamani, niliumia. Nilimpelekea unga kwenye bakuli, nimeufunika kwa kitambaa. Akanirudishia bakuli limejaa mboga za majani na unga wangu uko chini yake, haujaguswa.

"Mama, ule unga nilikuletea wewe," nikamwambia.

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba, lakini…"

"Basi mlishe mwanao. Amekonda huyo, shingo kama ya kuku wa mdondo."

Mwanangu alikuwa mnene kama boga. Aliyekonda ni yeye. Mfupa wa bega ulikuwa umeanza kuonekana kwenye shingo ya gauni, naye anajifunika khanga jua kali. Nilitamani kumshika nimtingishe. Masika yalikuwa mbali bado, mahindi mabichi mbali zaidi, na kwenye foleni ya unga wa njano haendi hata ufanye nini. Nikawa kila asubuhi naamka na kutega sikio kwanza, kusikia kama kinu kinalia.

Hapo ndipo watu wa chuo kikuu walipoingia.

Ilikuja Landrova kutoka Morogoro, kule kwenye chuo cha kilimo, ikamshusha kijana mmoja mrefu, mwembamba, kaptula ya kaki, soksi hadi magotini, na baiskeli yake. Landrova ikaondoka, yeye akabaki. Mwenyekiti akaitisha mkutano akatueleza kwamba huyu ndugu ni mtaalamu, chuo kikuu kimemtuma aje kuishi na wananchi na kusaidiana nao juu ya tatizo la mahindi kuharibika. Hatatukalia ofisini. Atazunguka hapa, Zombo, mpaka Mikumi.

Kijana akasimama. Alitoa shikamoo kwa wakubwa mmoja mmoja, jambo ambalo lilimpatia alama nzuri. Akaongea vizuri tu, Kiswahili safi, bila kujikweza. Halafu akaharibu.

"Kwanza," akasema, "nitaomba kuanzia kesho nipite nyumba hadi nyumba, nichungulie kila kihenge, nione uharibifu ni mkubwa kiasi gani."

Watu wakatazamana. Kisha mwenyekiti, naye kwa kutaka kusaidia, akaongeza, "Tutafuatana. Itakuwa ukaguzi rasmi."

Yesu wangu! Neno ukaguzi. Wenye mahindi mengi wakajua wataambiwa wanaficha chakula, walazimishwe kukiuza kwa bei ya serikali. Wenye machache wakaona aibu yao itatangazwa ofisini. Nikamtazama mama. Alikuwa ametazama mbele, hapepesi, lakini mkono wake ulikuwa unakunja na kukunjua pindo la khanga. Mimi nilijua kilichomo ndani ya kihenge kile, na nilijua alichokisema mkutanoni.

Kesho yake walipita. Ukaguzi ulikufa kwenye nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba alisema anaumwa. Wa pili alisema ngazi imevunjika. Wa tatu aliwafungulia mbwa. Walipofika kwa mama, walimkuta amesimama mbele ya kihenge ameshika mchi kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," kijana akasema.

"Marahaba. Mama yako yupo?"

"Yupo, mama. Mzima."

"Kihenge chake ulishawahi kukichungulia?"

Kijana akatazama chini. "Hapana, mama."

"Basi rudi kwenu uanzie huko."

Mwenyekiti alikuwa ameshageuza njia. Kijana alibaki hapo kidogo, akacheka peke yake, akasema, "Umenipata, mama," akaenda zake. Mimi niliyekuwa nachungulia kutoka jikoni kwangu nilishusha pumzi, lakini furaha haikunikaa. Nilijua mchi umemfukuza mtaalamu, njaa haijafukuzwa.

Kilichofuata kilitokea pale bombani. Kijana alikuja jioni na ndoo yake kuchota maji, kwa kuwa aliishi kwenye chumba nyuma ya shule na hakuwa na wa kumchotea. Wanawake walimpisha kwa baridi. Bibi mmoja, kwa kuchokoza tu, akamuuliza, "Wewe mchungulia vihenge, kwenu ni wapi hasa?"

"Tabora, bibi. Mimi Mnyamwezi."

Weee! Vigelegele vilipigwa pale, nadhani mpaka stesheni ya Kilosa walisikia. Mnyamwezi! Babu zake ndio waliopita kwetu na misafara, wamebeba mizigo kichwani kwenda pwani na kurudi, na tangu hapo wao ni watani wetu. Na mtani si mgeni, wala si mtaalamu. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu akala. Anaweza kukamata jogoo wako mbele ya macho yako, ukabaki unacheka. Anakutukana, unamtukana, na ole wake atakayekasirika. Msiba ukitokea yeye ndiye anayeosha, anayechimba, anayechekesha waliaji. Anachokiona mtani nyumbani kwako, kwetu hakihesabiwi kwamba kimeonwa.

"Kwa nini hukusema, mbeba mizigo wewe!" bibi akafoka, akammwagia ndoo nzima ya maji.

Nilimtazama kijana kwa makini, maana wasomi wengine siku hizo walikuwa wanaona mambo haya ni ushamba. Alisimama pale, soksi zinachuruzika. Akafuta uso, akasema kwa sauti ya juu, "Na nyie mlioshuka mlima kwa makalio, mnajua hata bomba linafungwaje?" Tukaanguka kicheko. Mtu wetu huyo. Bibi yake alimlea vizuri, chuo kikuu hakikumharibu.

Kuanzia kesho yake hakuna nyumba iliyomfungia. Alipita peke yake, bila mwenyekiti, akiinua mapaa ya vihenge na kutukana. "Hiki kihenge au choo cha panya?" "Mama, hawa fukusi wako wamenenepa kuliko mumeo!" Wanawake wanacheka, na katikati ya kicheko anawaeleza kwa nini yameharibika, kwamba joto na unyevu ndivyo vinavyowapa wadudu nguvu, kwamba mahindi yapukuchuliwe, yaanikwe mpaka yalie mdomoni, yachanganywe na majivu, na kihenge kikandikwe udongo ndani na nje pasibaki tundu. Kwa mama alikuwa hajafika. Sijui kama aliogopa mchi au aliona kitu kwenye uso wake siku ile.

Alifika asubuhi moja wanawake wengi wakiwa wamekaa uani kwa mama wanasuka mikeka. Nilikuwepo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo wima.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba, punda wa Tabora."

"Leo nimekuja kuiba."

Wanawake wote wakamgeukia mama. Asingeweza kukataa. Kumkatalia mtani mbele za watu, baada ya nyumba zote kumfungulia, kungekuwa sawasawa na kutangaza kwamba kuna jambo. Akasema, "Panda. Ukianguka sikuziki."

Kijana akapanda ngazi. Akainua paa. Akaingiza kichwa na mabega yote mawili ndani, akakaa huko. Nilikuwa nimeshika mkeka mkononi, sisuki. Mama hakugeuka kumtazama, alitazama kuku wake. Wanawake walisubiri mzaha, na mzaha ukawa hauji. Nilisema moyoni, Mungu wangu, huyu mtoto akitoka na uso wa huruma, mama yangu amekwisha.

Alitoka. Kichwani alikuwa na vumbi lile jeupe la mahindi yaliyoliwa, limeshika kwenye nywele. Akashika paa kwa mkono mmoja, akapanua mdomo.

"Jamani! Mwiteni mwenyekiti! Mwiteni polisi! Huyu mama ni bepari! Mnasema ujamaa, ujamaa, kumbe mmeishi na kupe mkubwa hivi! Nimejaribu kuingiza mkono, hauingii! Kimejaa mpaka juu! Mama, mahindi yote haya unamlishia nani, una waume wangapi?"

Uani palilipuka. Wanawake walicheka, wakapigana mabega, mmoja akasema, "Nilijua, huyu kila siku anatwanga!" Mama aligeuka polepole akamtazama kijana pale juu. Hakucheka. Ilimbidi ameze mate kwanza.

"Shuka kwenye kihenge changu," akasema, "mwizi wewe."

Akashuka. Akapita karibu yangu akielekea kwenye baiskeli yake, na sikuona huruma usoni mwake hata chembe. Aliendelea kutukana mpaka alipopotea barabarani. Nilimpenda siku ile, na nasema hivyo mume wangu akiwa hai ananisikia.

Lakini uongo haupikwi ukaiva. Heshima ya mama ilikuwa imepona, tumbo lake bado. Jioni kinu kililia ko, ko, ko kama kawaida. Nikafikiri, sasa ndio basi kabisa, maana mtu ambaye kijiji kizima kinaamini kihenge chake kimejaa atapewaje hata punje moja?

Kumbe yule mtani naye alikuwa anafikiri hayohayo. Hazikupita siku nyingi, akatokea upande wa Kilosa, baiskeli inayumba, nyuma amefunga gunia la mahindi. Wanawake walewale walikuwa uani kwa mama na mikeka yao ileile. Akaegemeza baiskeli kwenye mti wa mpapai, si wa jirani, wa mama. Jasho linamtiririka.

"Watani," akatangaza, "hiki ni chakula changu. Nakipeleka Zombo, nitakaa huko kazini. Nakwenda shuleni kunywa maji. Nawajua nyie wezi. Nikirudi nikute gunia langu hapohapo. Msiliguse! Nasema tena, msiliguse!"

Akaondoka, na wala hakuangalia nyuma.

Nani anamwachia mtani mzigo halafu anamwambia asiuguse? Ni kama kumwambia mtoto asile sukari. Wanawake wakaanza kutazamana. Nikamtazama mama. Alikuwa ameacha kusuka. Alitazama gunia, akatazama njia ya shuleni, akatazama gunia tena, na nikaona kabisa inamwingia. Alielewa. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, sijui nikuelezeje, ulilegea kidogo kisha ukajikaza. Akasimama. Akaenda kwenye baiskeli akapiga lile gunia kofi.

"Gunia hili," akasema kwa ile sauti yake ya mkutanoni, "limekamatwa!"

Loo! Wanawake walirusha mikeka. Vigelegele, vifijo, mikono kumi ikafungua kamba, gunia likaburutwa mpaka ndani kwa mama, mlangoni likashindwa kupita likasukumwa kwa makalio. Mama akalikalia. Kijana aliporudi alijitupa chini uani akagaagaa kwenye vumbi na kaptula yake safi.

"Nimekufa! Nimeibiwa! Mama, una kihenge kimejaa, bado unaniibia mimi maskini! Nihurumie!"

"Nenda Zombo ukale nyasi," mama akamjibu kutoka juu ya gunia. "Punda hula nyasi."

Mali iliyokamatwa na mtani hairudi, kila mtu anajua. Akapanda baiskeli yake tupu akaondoka analalamika, na watoto wanamkimbilia nyuma wakimzomea. Kijiji kilikuwa na cha kusimulia wiki nzima. Hakuna aliyesema mama amepewa chakula. Alikuwa amenyang'anya.

Jioni ile nilikuwa napepeta jikoni kwangu. Nikasikia mchi wa mama unatua. Ulikuwa mzito. Unatua, unazama, unainuka, unatua. Nilikaa chini na ungo wangu nikalia kwa furaha mpaka mtoto akaanza kulia na yeye, na mume wangu akarudi akatuuliza nani amekufa.

Yaliyofuata ni ya kawaida, lakini ndiyo yaliyotuokoa. Kijana aliporudi kutoka Zombo mama alimwita mwenyewe akamwambia amjengee kihenge hicho cha chuo kikuu anachopigia kelele. Tukasomba udongo, tukaukanda kwa miguu na nyasi zilizokatwakatwa, tukakandika ndani na nje. Kwenye miguu ya kihenge akavalisha vipande vya debe vilivyokunjwa, panya akipanda anateleza anarudi alikotoka. Juu kilifunikwa kikazibwa kabisa. Chini kikawekwa kitundu kidogo chenye kizibo, unazibua, mahindi yanashuka kwenye ungo, unaziba.

Mama alikizunguka akikipapasa. Akazibua kizibo, akaziba. "Kwa hiyo juu hapafunuliwi?"

"Hapafunuliwi, mtani, mpaka msimu mwingine. Hata mimi siwezi kuchungulia."

"Hiki," mama akasema, "kina adabu."

Hakuna hotuba ya mwenyekiti ingeweza kufanya kazi iliyofanywa na neno lile. Msimu uliofuata vihenge vya udongo vilisimama kijiji kizima, na mama akawa ndiye msimamizi, asiyelipwa na asiyeombwa. Alipita anagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Palipolia pabaya alibomoa bila kuuliza. Alikwenda mpaka Zombo, na mara moja mpaka Mikumi, amebeba kipande cha debe kichwani kuonyesha kinavyokunjwa. Kila kiangazi mtani alirudi na wanafunzi wake, na kila mara mama aliwapanga mstari, akawakagua viatu, akawaambia mwalimu wao ni mwizi wa kuku.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akashiba kila mwaka, na foleni ya unga wa njano hakuipanga. Alikufa kitandani kwake, kiangazi, amekunja mikono mwenyewe.

Nilituma habari kwa mtu wa stesheni Kilosa, naye akatuma Morogoro. Sikutegemea. Mtani alikuwa ameshakuwa mkubwa huko chuoni, ana ofisi. Lakini tulipokuwa tumefika makaburini, mwinjilisti ameshafungua kitabu chake, nikasikia kishindo, na wanawake wakapiga kelele. Mtu mnene mwenye miwani na suti alikuwa ameruka ndani ya kaburi akalala chali.

"Hazikwi mtu hapa!" sauti ikatoka chini. "Nimekuja kudai gunia langu!"

Mwinjilisti akafunga kitabu. Alikuwa mtu wa hukuhuku, alijua kwamba hapa hana la kufanya. Watu ambao tangu asubuhi walikuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao. Desturi inataka mfiwa amtoe mtani kwa kitu. Nikaenda nyumbani kwa mama, nikainama kwenye kihenge chake, nikazibua kizibo. Mahindi yalishuka kwenye ungo kwa sauti ile ya mvua kwenye bati, meupe, mazima. Nikayabeba mpaka kaburini nikampa.

Akaketi mle ndani. Akachukua punje, akaing'ata, ikalia. Nikamwona anameza mate kama mama alivyomeza siku ile. Kisha akasimama, ungo mkononi, suti imejaa udongo mwekundu, akapaza sauti watu wote wasikie.

"Mnamzika bepari, mnajua? Mimi ni shahidi! Mwaka ule wa kwanza, mwaka wa njaa, wote mnalia fukusi, huyu mama kihenge chake kilikuwa kimejaa mpaka juu! Nilikiona kwa macho yangu! Mkono hauingii!"

"Kweli!" wakaitikia wale wazee waliokuwepo. "Kweli kabisa! Tulikuwepo!"

Tangu mama alipokata roho nilikuwa sijalia. Nilikuwa na wageni wa kulisha, nina sanda ya kutafuta. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele za watu, na hakuna aliyeninyamazisha.

Alipopanda juu nilimshika mkono kumvuta. Tukabaki tumeshikana pale ukingoni, yeye anahema. Nilidhani sasa ataniambia ukweli, mimi mtoto, mama yetu ameshalala, hakuna tena wa kuona aibu. Alifuta miwani yake kwa shati.

"Kilikuwa kimejaa, mtani," akasema.

"Kilijaa," nikamjibu. "Hata mimi nilikuwa nasikia anavyotwanga."